Mzee wa Jumamosi, Kilima cha Isungabula

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Sengerema
Tarehe: 3 Aprili 2025, saa 4:10 asubuhi
Jina: Teodora Luhende
Umri: Miaka 44
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima, pia mwongoza wageni, Njia ya Mawe ya Moto
Makazi: Kitongoji cha Isungabula, wilaya ya Sengerema

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na Koplo Chenge kuwa natakiwa kusema ninayoyajua kuhusu kifo cha Okal Ogweno, mwanamume wa miaka 72, fundi mitambo mstaafu wa meli, mkazi wa Ilemela, Mwanza. Nimeelezwa pia kuwa nikisema jambo ninalojua ni la uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nasema kwa hiari yangu.

Ninaishi peke yangu. Mume wangu, Mhoja, alifariki mwaka 2017 na hatukujaliwa watoto. Nina shamba la mihogo na viazi chini ya Kilima cha Isungabula, na kwenye kilima hicho ndiko ninakofanya kazi ya kuongoza wageni.

Njia yetu ilifunguliwa mwaka 2021 na kikundi cha kijiji, tukisaidiwa na walimu wa jiolojia waliokuja kutufundisha. Inaanzia kwenye kibanda chini ya kilima, inapanda polepole kupitia vituo saba, inaishia juu ambako unaliona ziwa. Watu wa Mwanza wamezoea yale mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana kama kuna mtu aliyapanga. Ya kwetu ni tofauti. Ni meusi yenye ukijani, na yalitoka kwenye volkano za zamani sana, kabla hakujawa na mti wala samaki. Volkano zenyewe huzioni tena, mvua imezila zikaisha. Kazi yangu ni kumwonyesha mgeni kilichobaki. Kuna majivu yaliyogeuka jiwe. Kuna tabaka za chuma, nyekundu na nyeusi. Kituo cha nne tunakiita Mawe ya Mito, na wageni wengi wakifika pale wanatafuta mto wa maji hawauoni. Ni mito ya kulalia. Moto ulitokea chini ya maji ukaganda mapande mapande ya mviringo, moja juu ya jingine, kama mito iliyorundikwa kitandani.

Mwanzoni wanafunzi walikuja kwa mabasi. Siku hizi wiki nzima inaweza kupita sijamwona mgeni. Nafagia kibanda, nafyeka njia, narudi nyumbani.

Marehemu alikuja mara ya kwanza Juni mwaka jana, siku ya Jumamosi. Alikuja peke yake, amevaa kofia ya pama na ana fimbo ya mti. Nilimwamkia, “Shikamoo mzee,” akaitikia, “Marahaba, mama. Nimesikia hapa kwenu kuna volkano.” Nikamwambia ipo ila ilizimika zamani. Akasema, “Nzuri. Mimi mwenyewe nimestaafu.”

Tulipanda pole pole. Alisikiliza kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumpata. Tulipofika Mawe ya Mito aliuliza, “Na maji hayakuuzima huo moto?” Nikamjibu kama tulivyofundishwa, kwamba maji yaligandisha ngozi ya juu tu, ndani uji wa moto ukaendelea kutiririka, ukapasua ngozi ukatoka tena. Akalipapasa jiwe kwa mkono mzima, kama mtu anayempima ng'ombe homa. Akasema amekaa maisha yake yote kwenye chumba cha injini, juu ya maji, na hakuwahi kufikiri chini yake kuliwahi kuwaka hivyo.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Nikadhani amesahau kitu. Hakuwa amesahau kitu, alitaka kupanda tena. Kuanzia hapo alikuja kila Jumamosi, labda awe mgonjwa. Alivuka na kivuko cha asubuhi mpaka Kamanga, kisha anapanda pikipiki mpaka kwenye kibanda. Kila mara tulianza kituo cha kwanza, na kila mara tukifika cha nne aliuliza swali lile lile, “Na maji hayakuuzima?” Nilianza kuogopa kuwa uzee umeingia kichwani. Lakini alikumbuka mambo mengine yote, hata jina la mbuzi wangu. Baadaye nikaelewa kuwa anauliza ili niseme.

Nimeulizwa na Koplo Chenge kama sikuona ajabu mtu kupanda kilima kimoja kila wiki. Nimejibu kuwa niliona ajabu mwezi wa kwanza. Baada ya hapo nilikuwa nachemsha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ya watu wawili tangu Ijumaa.

Alikuwa ananiita “nyara.” Mimi nilijua nyara za kuteka. Nikamwuliza, “Mzee, kwani mimi nimetekwa?” Alicheka mpaka akakaa chini. Hakunieleza maana yake.

Siku moja, tukiwa tumekaa kituo cha sita tunakula, nilimwuliza kama ana watoto. Alisema, “Sina.” Akainuka akachukua fimbo yake, na michembe ikabaki kwenye sahani. Sikumwuliza tena.

Mnamo tarehe 22 Machi 2025, siku ya Jumamosi, mzee alifika kwenye kibanda saa tatu na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na upande wa ziwa kulikuwa na wingu zito. Nilimwambia, “Mzee, leo tukae hapa chini. Mawe yanateleza.” Akasema, “Nimevuka ziwa lote hili nije kukaa chini?” Nikamwambia basi tuishie kituo cha tatu. Akakubali.

Tulifika cha tatu vizuri. Pale akasema tusogee kidogo mpaka Mawe ya Mito, kisha turudi. Mwanzoni nilikataa, akanibembeleza, nikakubali. Hilo ni kosa langu na ninalisema wazi. Kati ya kituo cha tatu na cha nne njia inapita ukingoni mwa korongo lenye kina kama cha nyumba. Nilikuwa mbele, nimemshikia tawi la mwiba lisimpige usoni, yeye yuko nyuma yangu hatua chache. Nilikuwa nimempa mgongo. Nilisikia fimbo ikigonga mawe kuelekea chini, kisha nikasikia yeye. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Aa,” kama mtu aliyekosea mlango.

Hapakuwa na mtu mwingine njiani. Hakuna aliyemsukuma. Nimeulizwa mara tatu na nimejibu hivyo mara tatu.

Nilishuka korongoni kwa kushikilia mizizi. Alikuwa amelala ubavu, mguu wa kulia umegeuka vibaya kuanzia nyongani, usoni ana mchubuko. Alikuwa na fahamu. Akasema, “Nyara, ulisema volkano imezimika.” Nikamwambia asiongee. Nilifunga mguu kwa kanga yangu pamoja na vijiti viwili, jinsi tulivyofundishwa. Simu haikushika mtandao. Korongoni haushiki kabisa, ni lazima upande mpaka karibu na kituo cha tano.

Nilimwambia naenda kupiga simu. Alinishika mkono akasema, “Usiniache.” Nikamwambia nisipokwenda hakuna atakayejua tuko hapa. Akasema tena, “Najua. Ila usiniache.” Niliutoa mkono wangu kidole kimoja kimoja. Nilimfunika sweta langu, nikamwachia chupa ya maji, nikapanda. Muda wote ninapanda nilikuwa naongea kwa sauti ili anisikie. Sikuwa na jambo la kusema, kwa hiyo nikawa nasema maelezo ya njia, kituo kwa kituo. Nilipofika kwenye mtandao nilimpigia mwenyekiti wa kitongoji, Antoni Mashimba. Akasema wanakuja na kitanda.

Niliporudi alikuwa macho. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimwinamia hivi, mgongo wangu ukapokea maji, tukasubiri. Alisema baridi. Nilimwambia mawe haya yalipotoka chini yalikuwa ya moto kuliko mitambo yake yote. Akasema, “Yamechelewa kunipasha.” Baadaye akawa anaongea Kijaluo, sikumwelewa.

Mwenyekiti Antoni na vijana sita walifika ikiwa imekaribia saa saba. Walimpandisha na kitanda cha kamba, wakambeba mpaka barabarani, akapakiwa kwenye gari dogo lililokuwa limeleta saruji. Tulifika hospitali jioni. Sikumwacha.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari alisema nyonga imevunjika na kuna damu inavuja kwa ndani, na kwamba asipopasuliwa usiku ule anaweza asifike asubuhi. Mzee wakati huo alikuwa amechomwa dawa ya maumivu, anaweweseka, haelewi anachoulizwa. Daktari akauliza, “Ndugu yake ni nani hapa?” Nilitaka kusema kuwa mimi ni mwongoza wageni. Mzee akafungua macho akaniona, akasema, “Nyara.” Muuguzi mmoja aliyekuwepo, ambaye nilikuja kujua ni Mjaluo, mwenyeji wa Rorya, akanigeukia akasema, “Anakuita mwanangu. Wewe ndiye binti yake, siyo?”

Hapo ndipo nilipojua maana ya neno hilo.

Nikasema, “Ndiyo.” Nikapewa karatasi nikasaini kama mtoto wa mgonjwa.

Nimeulizwa kama nilijua kuwa ninadanganya. Nimejibu kuwa nilijua. Nimeulizwa kama kuna mtu alinishawishi. Hakuna. Nimeulizwa kama marehemu aliwahi kuniahidi nyumba yake au kitu chochote. Hakuwahi. Sijawahi kufika kwake Ilemela. Sijui hata rangi ya mlango wake.

Alipasuliwa usiku huo na akatoka salama. Nililala chini kwenye veranda ya wodi pamoja na mama mmoja mwenye mgonjwa wa kuungua.

Siku ya Jumapili, tarehe 23 Machi, simu ya mzee iliita nikiwa nayo. Ni simu ndogo ya vitufe. Nilikuwa nimeshaitazama kutafuta ndugu. Majina yalikuwa machache: la mama mmoja anaitwa Sabina, la fundi bomba, na langu. Nilimpigia Sabina jana yake hakupokea, na sasa ndiye aliyekuwa anapiga. Alisema yeye ni jirani wa mzee, hakumwona kurudi, ana wasiwasi. Nilimweleza yaliyotokea. Akasema, “Mungu wangu. Basi wewe ndiye yule binti yake wa Sengerema.” Nikauliza, “Nani kakuambia?” Akasema, “Si yeye mwenyewe. Kila Jumamosi anavaa vizuri, tukimwuliza anasema anakwenda kumwona binti yake Sengerema. Tumekuwa tunamwonea wivu, mzee ana mtoto wa hivyo.”

Sikumsahihisha. Nilimwambia tu aje.

Mama Sabina alikuja Jumatatu na chakula na nguo safi. Alinikumbatia. Alisema tumefanana paji la uso.

Jumanne mzee alikuwa na nafuu, anaongea vizuri. Tulipobaki wawili nilimwambia, “Mzee, nisamehe. Nimewaambia madaktari kuwa mimi ni mwanao.” Akasema, “Na mimi nimewaambia majirani.” Nikamwambia najua, Mama Sabina amenieleza. Akaona haya. Nilikuwa sijawahi kuona mzee akiona haya. Alivuta shuka akajifunika mpaka kidevuni. Akasema, “Mtu akiulizwa anakwenda wapi, ni lazima ajibu kitu. Nikisema naenda kutazama mawe watadhani nimechanganyikiwa.”

Nikamwambia, “Kama una mtoto wa kwako, nitajie nimpigie. Sitaona vibaya.” Akasema, “Sina.” Nikasema, “Hata ndugu?” Akasema ndugu wako Shirati, wana shughuli zao, nisimsumbue mtu.

Jumatano jioni aliniomba nimpeleke njiani. Nilidhani anaweweseka tena. Alitaka nimsimulie, kituo kwa kituo, kwa kuwa nyonga haitampeleka tena. Nilianza kwenye kibanda. Alifumba macho. Tulipofika cha nne hakuuliza swali lake, nikajua amelala. Sikuendelea.

Mnamo tarehe 27 Machi, siku ya Alhamisi, saa moja kasoro asubuhi, nilitoka kwenda kununua uji nje ya geti. Niliporudi wamezungusha pazia kwenye kitanda chake. Daktari alinieleza kuwa damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, na kwamba jambo hilo huwapata watu wa umri wake waliovunjika nyonga. Uji niliushika mkononi mpaka nikafika nao mochwari. Mhudumu wa pale aliniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nilisema tena, “Mwanae.” Safari hii hapakuwa na upasuaji wa kuokoa mtu. Nilisema tu.

Mama Sabina alitoa taarifa kanisani kwao, Mennonite, na wazee wa kanisa wakawapata ndugu Shirati. Shirati nao wakampigia mtu ambaye mimi sikujua yupo. Jumamosi tarehe 29 Machi, nikiwa nimekaa nje ya mochwari, alifika mwanamke wa makamo amevaa kama mtu aliyetoka ofisini. Alisema anaitwa Princess Okal, anafanya kazi Arusha, amekuja kumchukua baba yake. Mhudumu akafungua kitabu akamwambia, “Mbona binti wa marehemu tunaye hapa tangu juzi?” Akaninyooshea kidole.

Princess aliniuliza, “Wewe ni nani?” Nikasema jina langu. Akauliza, “Wa mama gani?” Alidhani baba yake alikuwa na familia nyingine. Nilimweleza kuwa mimi si ndugu, ni mwongoza wageni tu, na kwa nini nilisaini. Alisema, “Ulisaini baba yangu apasuliwe, akafa, na wewe humjui?” Nilisema namjua. Hapo ndipo alipokasirika. Mama Sabina aliingilia akazidisha, akasema, “Lakini mama, mzee mwenyewe alituambia binti yake ni huyu. Wewe hatujawahi kukusikia.” Princess alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya saruji. Viatu vyake vya visigino vikamtoka. Nilitaka kumwinua, akanizuia kwa mkono.

Tarehe 2 Aprili alikuja kituoni hapa kulalamika, ndiyo maana nimeitwa. Simlaumu. Mtu akikuta mgeni amekaa kwenye kiti chake msibani, ana haki ya kuuliza.

Jambo la mwisho ni la leo asubuhi. Kabla sijaingia chumba hiki nilikaa nje nikisubiri, na Princess alikuwa anasubiri pia. Benchi lilikuwa moja. Tulikaa, yeye mwanzo na mimi mwisho. Baada ya muda alianza kuongea bila kunitazama. Alisema walikosana na baba yake siku ya mazishi ya mama yake, Shirati, miaka tisa iliyopita. Yeye alichelewa, jeneza likawa limeshashuka, na baba yake akamwambia mbele ya watu wote maneno ambayo hawezi kuyarudia. Naye akajibu maneno yake. Akaondoka siku hiyo hiyo. Miaka ya mwanzo alipiga simu, ikawa haipokelewi, halafu namba ikabadilishwa.

Kisha akaniuliza, “Jumamosi zote hizo, alinitaja?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Akauliza, “Alisemaje?”

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, “Alisema ulipokuwa mdogo ulipenda kupanda juu ya mawe.”

Akajishika mdomo. Akasema, “Nyuma ya nyumba, Ilemela. Nilikuwa napanda mpaka juu kabisa, na yeye anasimama chini amenyoosha mikono, anapiga kelele nishuke.” Akalia. Alilia kwa muda mrefu na askari wa zamu akatoka kututazama akarudi ndani. Princess alisogea kwenye benchi, akaniuliza kama baba yake aliteseka. Nikamwambia siku ya kwanza aliteseka, siku za baadaye hapana. Hilo ni kweli.

Lile la mawe si kweli. Nilikisia. Mtoto gani amekulia Ilemela hajapanda mawe? Nimeonywa kusema kweli, na kweli ni kwamba marehemu hakuwahi kumtaja Princess kwangu hata siku moja. Nilimwuliza mara mbili kama ana mtoto, kilimani na kitandani, na mara zote mbili alisema hana.

Nimeulizwa kwa nini nilimdanganya mlalamikaji nikiwa nimekaa kwenye benchi la polisi. Nimejibu kuwa aliyepaswa kumjibu yuko mochwari, na kwenye benchi nilikuwa mimi peke yangu.

Naomba Princess asisomewe majibu hayo mawili ya mzee, ya kuwa hana mtoto. Kama sheria inataka asomewe, naomba niambiwe mapema nisiwepo.

Nimeulizwa kama nina madai yoyote juu ya mwili au mali ya marehemu. Sina. Kanga niliyomfungia mguu ibaki huko ilipo. Ningependa tu kuambiwa siku atakayozikwa Shirati. Sitakwenda kama hawataki niende. Nataka tu kuijua siku.

Niliyoyaona na niliyoyafanya nimeyasema yote, yakiwemo yasiyonipendeza. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: T. Luhende

UTHIBITISHO WA MWANDISHI WA MAELEZO

Mimi D/Koplo Chenge nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa uaminifu kama shahidi alivyoyatoa. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi, hakutaka kupunguza wala kuongeza, amesaini mbele yangu. Shahidi aliomba maji mara moja na alipewa.

Nimemjulisha shahidi kuwa jalada litapelekwa kwa mkuu wa upelelezi pamoja na taarifa ya daktari, na kwamba anaweza kurudi nyumbani.

Baada ya shahidi kuondoka, mlalamikaji Princess Okal aliingia akaomba kuyasoma maelezo haya. Nimemjibu kuwa hayatolewi wakati uchunguzi unaendelea. Akauliza kama shahidi amenieleza na mimi yale aliyomwambia kwenye benchi, kuhusu mawe. Nimemjibu kuwa ndiyo, yameandikwa. Akaomba namba ya simu ya shahidi. Nimempa.

Chenge, D/Koplo
Sengerema, 3 Aprili 2025, saa 7:25 mchana